Nani Anagawa Kingo za Butahu?

Leo nataka tuongee habari ya parsele. Magomvi ya parsele tumeyasikia mpaka masikio yamechoka: ndugu wawili wamepelekana mahakamani, mjane amefukuzwa, kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu watatu. Mimi leo nina parsele moja tu kichwani. Ni ile iliyo kando ya mto. Sasa hivi ni kavu, ina migomba mizuri, bei yake ni nafuu, na anayeiuza anakuhakikishia kwamba maji hayajafika pale tangu babu yake azaliwe.

Tuko katika miezi ya jua. Mvua za Machi hadi Mei zimepita, na zile za mwisho wa mwaka zitaanza Agosti, zishike nguvu Septemba na Oktoba. Huu ndio wakati wa kuchoma matofali na kuezeka nyumba. Ndio wakati pia ambapo mto unaonekana mnyonge, mtoto anauvuka kwa kurukia mawe. Anayenunua kiwanja wakati huu anayaona maji yaliyopo. Yale yatakayokuja haonyeshwi na mtu.

Tuangalie kwanza mahali mji wetu mdogo wa Mutwanga, wilayani Beni, mashariki mwa Congo, ulipo. Juu yake kuna Ruwenzori, na kilele cha Margherita kina mita 5,109. Chini yake kuna bonde la Semliki, mto unaotoka Ziwa Edward kwenye kimo cha mita 900 na kidogo. Kutoka kilele hicho mpaka nyumba za Mutwanga, ukipima kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 20. Maji yanayoporomoka kimo kikubwa namna hiyo, kwa umbali mfupi namna hiyo, hayana mahali pa kupumzika. Mto Butahu na vijito vingine vya ubavu huu wa mlima vinashusha kila kitu kwa haraka. Mvua kubwa ikinyesha juu usiku, mtu wa chini anaweza kuwa hajasikia hata tone juu ya mabati yake, na maji yakamkuta kitandani yakiwa yamebeba magogo na mawe.

Anayetaka kujua mambo hayo yanavyokwenda asiende mbali. Avuke mpaka pale Kasindi, azunguke mlima, afike Kasese. Kule wanakaa Bakonzo, ndugu zetu, tunaosikilizana nao bila mkalimani. Mlima wao ndio wetu, ila wao wanauona kutoka mashariki. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukapita katikati ya Kilembe, mji wa mgodi wa shaba, ukaua watu, ukabomoa nyumba, madaraja na barabara, ukaingia mpaka hospitalini. Mwaka uliofuata, mwezi ule ule wa Mei, ukarudi. Mei 2020 ukarudi tena, safari hii pamoja na mito mingine ya mlima, Mubuku, Nyamughasana na ule Lhubiriha ambao ni sehemu ya mpaka wetu na Uganda. Hospitali ya Kilembe, iliyokuwa imejengwa karibu na mto tangu enzi za mgodi, iliharibiwa vibaya mpaka ikabidi huduma zake zihamishwe.

Naomba usikilize sehemu hii kwa makini, kwa sababu ndiyo inayonifanya nizungumze leo. Wataalamu waliochunguza mafuriko ya 2013 walikuta kwamba mvua ilikuwa na wenzake. Moto mkubwa ulikuwa umeunguza mimea ya juu mlimani mwaka 2012, ardhi ikabaki wazi. Kingo zilizojaa maji zikaporomoka, zikaongeza mawe na udongo mtoni. Kisha maji yalipopungua, mawe yale hayakuondoka, yalibaki kwenye mkondo. Mkondo uliojaa mawe sakafu yake imepanda juu, na mto wa namna hiyo hauhitaji tena mvua kubwa kama ile ya kwanza ili utoke nje. Ndiyo maana mtu aliyerudi kujenga pale pale, akisema kwamba mafuriko yale ni ya mara moja katika maisha, alikuwa anapima kwa mto ambao haupo tena. Maneno ya babu yalikuwa ya kweli kwa mto wa babu.

Na sisi wa Congo tumekwisha kuzika watu kwa jambo hili hili. Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe uliingia mitaani ukaacha makumi ya maiti na maelfu ya familia bila nyumba. Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi ambayo ni siku ya soko Nyamukubi, maji na tope vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi vikaua watu zaidi ya 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Huko kote nyumba zilikuwa zimejengwa kwenye udongo ambao mito yenyewe iliushusha zamani. Udongo huo una rutuba na ni tambarare, ndiyo maana watu wanaupenda. Lakini ubapa ule ni kazi ya mafuriko ya kale. Ukiona kando ya mto uwanja uliolala vizuri, wenye mawe makubwa ya duara yaliyozama nusu ardhini, jua kwamba mawe yale hayakuletwa na mtu.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Nani anagawa kingo za Butahu?

Kwa sheria, jibu ni rahisi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Kuna amri ya mipango miji ya tangu enzi ya Wabelgiji, ya tarehe 20 Juni 1957. Na kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: sheria ya misitu ya mwaka 2002, katika kifungu chake cha 48, inakataza kukata miti mita 50 kila upande wa mto na mita 100 kuzunguka chemchemi. Mita 50, msikilizaji, ni nusu ya uwanja wa mpira. Nenda kasimame kwenye ukingo wa mto wowote wa wilaya ya Beni, uhesabu hatua 50 kubwa, uone umepita nyumba ngapi.

Kwa vitendo, jibu ni jingine. Kiwanja kinatoka kwa mwenye ukoo, kinapita kwa kapita wa kijiji, kinaandikiwa barua ya mauzo yenye mashahidi watatu wanne, na pesa zinahesabiwa mezani. Watu wa kadasta wanafika baadaye, nyumba zimekwisha kusimama, wanapima kile walichokikuta. Simlaumu kapita. Hajawahi kupewa ramani inayomwonyesha mahali ambapo asiuze, na watu wanaomjia wana shida ya kweli.

Shida hiyo tuitazame, maana bila kuitazama tutatoa amri zisizoshika. Mutwanga imebanwa. Ukipanda, unakutana na mpaka wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Ukishuka kwenye bonde la Semliki, unakutana na hifadhi hiyo hiyo kwa upande wa pili. Watu wamebaki katikati, na katikati hapo wana kakao, kahawa, michikichi na mihogo vya kutafutia nafasi. Mwaka 2013 kituo cha umeme wa maji cha Virunga kikaanza kazi Mutwanga, kwa nguvu ya mto huo huo wa Butahu. Umeme ukaleta viwanda, kuanzia kile cha sabuni ya mawese mpaka kile cha chokoleti ya kakao yetu. Umeme ulivuta watu, na watu wakapandisha bei ya viwanja. Halafu tangu mwisho wa 2020 mauaji ya waasi wa ADF yakaingia vijiji vya sekta ya Ruwenzori, familia zikakimbia mashamba, zikatafuta pa kulala penye watu wengi. Mkimbizi hachagui. Anapewa kile ambacho mwenyeji hakukitaka, na mwenyeji anayekumbuka mambo ya zamani hakutaka ukingo wa mto.

Kwa hiyo kumwambia mkimbizi huyo «usijenge hapo» bila kumwonyesha mahali pengine ni kupoteza maneno. Ndugu zetu wa Dar es Salaam walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu katika bonde la Msimbazi, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Nia ilikuwa nzuri. Lakini kazi, wateja na shule vilibaki mjini, nauli ilimaliza kipato, na wengi wakarudi Jangwani, kule kule bondeni, kusubiri maji mengine. Kiwanja salama kilicho mbali na shamba na soko, maskini hawezi kukikalia.

Mimi naona Mutwanga inaweza kufanya vizuri zaidi, kwa sababu ni ndogo na watu wake wanajuana. Katika mji mdogo mpango wa ardhi unaweza kuanza bila mtaalamu kutoka Kinshasa. Chefu wa sekta akiitisha baraza, wakaja makapita, wazee wa koo, wachungaji, mapadri, mashirika ya raia, watu wa hifadhi na akina mama wanaolima kando ya maji, wakatembea wote kwa miguu kutoka juu mpaka chini ya mto, wakiongozwa na wazee wanaojua maji yalifika wapi mwaka gani, jioni watakuwa na mstari. Mstari huo upakwe rangi juu ya mawe na miti mikubwa, uandikwe kwenye daftari la sekta, nakala iende kwa msimamizi wa wilaya na kwa kadasta. Tangu siku hiyo barua ya mauzo ya nyumba ndani ya mstari isipate sahihi ya kapita yeyote.

Zingatia kwamba nimesema nyumba. Shamba sijalitaja. Mwenye ardhi kando ya mto asinyang'anywe ardhi yake, maana hapo ndipo wengi wanaogopa na hapo ndipo mabaraza yanavunjika. Abaki nayo. Apande matete na mianzi inayoshika udongo, alime migomba na mboga, achunge mbuzi. Kinachokatazwa ni watu kulala humo usiku. Na wale ambao tayari wana nyumba ndani ya mstari wahamishwe polepole, wa kwanza wakiwa wale walio karibu kabisa na maji, kwa viwanja vya kubadilishana vilivyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mashamba yao. Koo zenye ardhi pana zinajulikana. Makanisa yenye ardhi pana yanajulikana pia, na hapa nasema bila kuogopa: parokia na makanisa yetu yana viwanja vikubwa vilivyoinuka, na yakitoa hata sehemu ndogo yataokoa waumini wao wenyewe.

Majengo ya watu wote yazuiwe kwa ukali zaidi. Shule, kituo cha afya, soko, kanisa, hata kambi ya wakimbizi, visiwekwe ndani ya mstari kamwe. Hospitali ndiyo inayokimbiliwa siku ya balaa, na Kilembe inatuonyesha matokeo yake hospitali inapokuwa ya kwanza kuanguka.

Sasa kuna usiku wenyewe wa maji. Hapa sisi wa Ruwenzori tuna jambo ambalo vitabu vya majanga vya nchi nyingine havilitaji. Kwetu kelele za usiku zina maana tayari. Filimbi, sufuria zinazogongwa na yowe la jirani vinamwambia mtu kwamba wauaji wamefika, na anachofanya ni kuzima taa, kunyamaza, kujificha kwenye migomba au kushuka bondeni. Lakini maji yanataka afanye kinyume chake: awashe taa, apige kelele, apande juu. Tukitumia kengele moja kwa hatari zote mbili, tutawatuma watoto wetu kwenye njia ya mto. Alama ya mafuriko iwe yake peke yake, kwa mfano kengele ya kanisa inayopigwa mfululizo bila kukatika, au ngoma, au pembe. Baraza ndilo lichague, na kila mtoto wa shule aijue kwa kuifanyia zoezi.

Na askari waijue. Jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Penye amri ya kutotembea usiku, watu mia mbili wanaokimbia gizani wakielekea kituo cha askari ni hatari kwao na kwa askari. Kamanda wa eneo lazima akae kwenye baraza hilo, akubali alama hiyo, akubali njia za kupandia na mahali pa kukusanyikia. Jambo hili lisiachwe kwa bahati.

Nani ataona maji kwanza? Wapo. Walinzi wa hifadhi wako juu, kwenye njia ile ya wapanda mlima inayopita Kalonge na Mahangu. Watu wa kituo cha umeme wanautazama Butahu usiku na mchana kwa sababu ndiyo kazi yao. Orodha ya namba za simu kumi, iliyobandikwa kwa kapita, kwa muuguzi, kwa mchungaji na hapa redioni, inaweza kuwapa watu wa chini nusu saa. Katika nusu saa mama anatoka na watoto wote na bibi mgonjwa.

Pasipo simu, mto wenyewe unasema. Maji yakibadilika rangi ghafla na kuwa mazito, ondoka. Ukisikia mngurumo wa mawe yanayosukumana ndani ya maji, ondoka. Na hii ya tatu ndiyo inayodanganya wengi: mvua inanyesha mlimani, lakini mto unapungua. Usifurahi. Huenda magogo na udongo vimeziba mkondo huko juu, maji yanajikusanya nyuma ya kizuizi, na kizuizi kikivunjika yatashuka yote pamoja. Hapo usirudi kuchukua hata kuku.

Labda utaniambia kwamba sisi hatuna uzoefu wa kupanga mambo ya dharura. Tunao. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola ilikamata watu 3,470 katika majimbo yetu ya mashariki, ikaua 2,287, na Beni, Butembo, Katwa na Mangina zilikuwa katikati ya moto huo. Mwanzoni magari ya riposte, yaani ya timu za kupambana na Ebola, yalikuja na watu wasiojulikana, wakizungumza lugha isiyojulikana, na watu wakawakataa, wengine kwa mawe. Kazi ilianza kushika pale vijana wa mtaa, relè wa afya (wahudumu wa kujitolea wa mtaa), wakuu wa avenyu na akina mama wa makanisa walipopewa nafasi. Wale relè bado wapo. Wanajua kila nyumba ina wazee wangapi, nani ana mimba, nani hawezi kutembea. Orodha hiyo ndiyo mpango wa dharura wenyewe. Waulizwe jambo moja zaidi: katika nyumba hii, usiku wa maji, nani atambeba nani?

Kuhusu kupona baada ya maji nina maneno machache, kwa sababu mengi yake yanaamuliwa kabla. Familia inayopoteza kadi ya mpiga kura na barua ya kiwanja inapoteza pia nafasi yake kwenye foleni ya msaada. Nakala ziwekwe kwa mtu anayekaa juu. Orodha ya waathirika isomwe kwa sauti barazani, jina kwa jina, mbele ya majirani, ili asiyeathirika asiingie na aliyeathirika asiachwe. Mawe yaliyobaki mtoni yatolewe kwenye mkondo mapema kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, hasa karibu na madaraja, na miti iliyolala ndani ya maji ikatwe. Na mkakao unachukua miaka kabla ya kuzaa, kwa hiyo mkulima aliyepoteza shamba anahitaji mbegu za maharagwe na mahindi za msimu huo huo, kuliko maturubai peke yake.

Mpango wa namna hii unaomba muda wa watu, rangi ya kupaka mawe, daftari na ujasiri wa kumkatalia mnunuzi mwenye pesa mkononi. Mabilioni ya franga hayatakiwi.

Kwako chefu wa sekta, na kwenu makapita wote wa kando ya mito: Agosti iko karibu. Itisheni baraza hilo wiki hizi, mto ukiwa bado unavukika, na kamanda awepo. Nawe msikilizaji, Jumapili hii baada ya ibada, mwulize kapita wako swali moja mbele ya watu: mstari wa maji katika kijiji chetu uko wapi? Akikosa jibu, mwombe siku ya kwenda kuuweka, na uende naye.